Kabla Hujapokea Ufunguo: Namna ya Kukagua Chumba cha Hoteli Mtwara

Nilikaa mapokezi miaka sita hapa Mtwara mjini, na zamu zangu nyingi zilikuwa za usiku. Siku hizi nauza vitenge na korosho za kubangua, sina tena mshahara unaonidai nimsifie mtu chumba kibovu, kwa hiyo nasema. Msimu wa korosho ukikaribia simu yangu haitulii: binamu wa Dar, shemeji wa Songea, rafiki wa shemeji. "Dada, nifikie wapi?" Jina la hoteli siwapi. Hoteli hubadilisha mwenye, hubadilisha meneja, na ile uliyoisifia mwaka jana leo pampu yake imekufa. Ninachowapa ni namna ya kuangalia. Kazi yenyewe ni ya dakika ishirini, na yote ifanyike pesa ikiwa bado mfukoni mwako. Ukishalipa, sisi watu wa mapokezi masikio huwa yanapungua nguvu.

Hatua ya kwanza: jua unakuja mwezi gani na unashuka saa ngapi

Minada ya korosho ikianza, kwa kawaida Oktoba, mji unafurika wanunuzi, madereva wa malori, watu wa maghala na watu wa benki. Bei zinapanda, na kile chumba kilichokuwa stoo ya mashuka kinapakwa rangi na kupewa namba. Ukija kati ya hapo na mwisho wa Desemba, weka nafasi wiki mbili kabla, utume kiasi kidogo cha kushikilia chumba, na ujumbe wa muamala usiufute. Kwa Lindi ongeza na wiki ya kwanza ya Agosti, Nanenane ya kanda ya kusini inapokusanya watu Ngongo.

Saa ni jambo jingine, na hili limeleta ugomvi kaunta kwangu kuliko kunguni. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku, Oktoba 2023, watu wengi wanashuka Mtwara alfajiri. Hoteli nyingi siku yao inaisha saa nne asubuhi. Umeingia saa kumi alfajiri, umelipa, umelala, saa nne unagongewa: "Kaka, unaendelea au unatoka?" Mgeni anaona ameibiwa, mhudumu anaona yuko sahihi. Piga simu kabla ya safari uulize hivi hivi: "Nikiingia saa kumi alfajiri, siku yangu inaisha saa nne ya leo au ya kesho?" Jibu lolote watakalokupa, omba walitume kwa ujumbe mfupi. Zamu hubadilika saa mbili asubuhi, na yule aliyekuahidi atakuwa amekwenda kulala kwao.

Hatua ya pili: shuka kwenye bajaji peke yako

Dereva wa bajaji akikwambia "hapo pamejaa, bosi" kabla hata hajapiga simu, elewa anakupeleka anakopata chake. Sina ubaya naye. Nilikuwa nawapa mwenyewe, elfu mbili, elfu tatu kwa kila mgeni, na ile pesa tuliirudisha kwenye bei ya chumba. Mwambie umeshaweka nafasi, mtaje mtaa, ushuke hatua chache kabla ya geti. Ukiingia bila mtu wa kukusindikiza kaunta, bei unayotajiwa ni nyepesi.

Kuhusu mtaa: Shangani kuna upepo wa bahari na utulivu, ila usiku ukiwa na njaa unategemea jiko la hoteli au bajaji. Karibu na soko na stendi chakula hakilali na kelele hazilali. Ukiwa na mgonjwa Hospitali ya Rufaa ya Ligula, tafuta sehemu ya kutembea kwa mguu, maana utakwenda na kurudi mara tatu kwa siku na nauli itakula akiba yako. Mikindani ni kama kilomita kumi kutoka mjini, pazuri kwa anayekuja kupumzika, pasumbufu kwa anayekuja kufukuzia saini ofisini. Uliza pia jirani ni nani. Baa ya jirani Jumatano haisikiki. Ulizia ya Ijumaa.

Hatua ya tatu: simama kaunta, sikiliza

Usianze na bei. Salimia, kisha nyamaza dakika moja utazame. Mlinzi wa getini yuko macho? Alikuuliza unakwenda kwa nani? Taa ya njia ya gari inawaka? Funguo za vyumba zinaning'inia wapi? Zikiwa ubaoni nyuma ya kaunta, na kaunta yenyewe mara nyingine haina mtu, basi yeyote anaweza kujichotea.

Halafu sikiliza wanavyowahudumia wengine. Mhudumu anayesema kwa sauti mbele ya watu wote, "Mama, wewe uko namba saba, ghorofani mwisho," ameshamtangaza huyo mama kwa kila aliyekaa pale akisubiri chai. Mhudumu mzuri anaandika namba kwenye kikaratasi au anakusindikiza kimya.

Hili nalisema kwa uchungu kidogo, kwa sababu kosa kubwa la maisha yangu ya kazi lilitokea hapohapo kaunta. Mwaka wangu wa kwanza alikuja kijana nadhifu, shati limepigwa pasi, akataja jina kamili la mgeni wetu na kampuni anayofanyia kazi. "Bosi yuko kikaoni, amenituma nimchukulie faili." Nikampa ufunguo wa akiba. Alitoka na mkoba, akaniaga kwa heshima zote. Ndani ya mkoba mlikuwa na kompyuta na pesa za mishahara ya vibarua. Yule mgeni hakunitukana. Aliniuliza tu: "Hukuweza kunipigia simu?" Tangu siku ile nilimpigia kila mgeni, hata kwa mtu aliyesema ni mke wake.

Kwa hiyo swali la kuuliza kaunta ni hili: "Akija mtu kuniulizia, mnafanyaje?" Jibu unalolitaka ni moja: tunakupigia kwanza. Akikwambia "tunamwelekeza chumbani," shukuru, uende kwingine, hasa kama ni mwanamke unayesafiri peke yako.

Hatua ya nne: omba kuona vyumba viwili

Kuna ujanja nitauweka wazi. Mgeni akisema tu "nipe chumba," tunampa kile kinachotusumbua: karibu na jenereta, juu ya jiko, au chenye bomba linalodondosha. Vile vizuri tunawawekea wanaokagua na wanaorudi. Ukiomba kuona viwili umejihamisha kundi, na huhitaji kugombana na mtu.

Mkoba usiuweke kitandani. Uweke juu ya kiti au kwenye vigae vya bafuni. Funga mlango, simama, ukague kwa mpangilio huu.

*Mlango.* Kitasa kinafunga kwa ufunguo, sawa, lakini ufunguo wa pili uko mapokezi na wa tatu huenda uko kwa mgeni aliyeondoka nao mwezi uliopita. Unachotafuta ni komeo la ndani, lililofungwa kwa skrubu ndefu, lisilotingishika. Lifunge, kisha uvute mlango kwa nguvu. Komeo la kung'ang'ania vumbi la mbao ni pambo.

*Dirisha.* Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo usalama unapogombana na usalama.

Nyumba zetu zimejaa nondo. Mgeni akiona grili nene dirishani anafurahi, na ana haki, kwa sababu wezi wa kuingia wapo. Ila yupo na mwizi wa fimbo: mti mrefu, ndoano mbele, simu na suruali vinavuliwa dirishani kama samaki wewe ukiwa unakoroma. Grili haimzuii huyo. Kinachomzuia ni kufunga kioo, au kuweka vitu upande wa pili wa chumba usikofikiwa na mkono wala mti. Lakini fikiria moto umeanzia koridoni. Mlango hautokeki. Dirisha lina nondo zilizochomelewa ukutani. Kile kilichomzuia mwizi asiingie kinakuzuia wewe usitoke.

Uliza basi: kuna dirisha lenye grili ya kufunguka? Baadhi ya majengo yameweka grili yenye bawaba na kufuli ndani. Ufunguo wa kufuli hilo uning'inie chumbani, karibu na dirisha, si kwa meneja aliyekwenda Masasi msibani. Kama vyumba vyote ni nondo za moja kwa moja, angalia korido ina njia mbili za kutokea au moja. Ikiwa na moja tu, na chumba chako kiko mwisho kabisa, omba cha karibu na ngazi. Mimi mwenyewe huchagua ghorofa ya kwanza: mwizi wa mti hanifikii kirahisi, na mimi nikihitaji kushuka naweza.

Ukiwa koridoni hesabu milango kutoka chumba chako hadi ngazi, maana moshi ukijaa macho hayana kazi, unatambaa chini na kupapasa. Tazama na mtungi wa kuzimia moto. Kisaa chake kina mshale. Ukiwa kwenye rangi ya kijani una nguvu, ukiwa kwenye nyekundu umelala. Angalia kikaratasi cha ukaguzi kina tarehe gani. Kuutumia si elimu kubwa: vuta pini, elekeza mdomo kwenye kitako cha moto na si kwenye ndimi zake, bana, fagia kushoto na kulia. Namba ya Zimamoto ni 114, ya polisi 112. Ziweke kwenye simu leo. Usiku wa kuhitaji vidole vinatetemeka.

*Joto.* Mgeni wa Mbeya au Njombe akifika Mtwara Novemba anadhani ameugua. Hajaugua, ni Novemba. Kuanzia hapo hadi Machi ni kaskazi, mvua na unyevu, shuka linashika mwili. Kuanzia Aprili kusi linavuma, na miezi ya Juni na Julai unaweza kulala na feni imezimwa. Chumba kizuri cha Julai kinaweza kuwa tanuru la Desemba, kwa hiyo usiamini sifa za mtu bila kumuuliza alikuja lini.

Weka kiganja ukutani. Ukuta unaotazama machweo hupigwa jua alasiri yote, na zege hurudisha joto lile usiku, wakati wewe umejilaza. Chumba cha juu kabisa, chini ya bati au zege la paa, ni hivyo hivyo. Wazee walilijua hili. Lile boma la Wajerumani la Mikindani, la 1895, ambalo siku hizi ni hoteli, lina kuta nene za mawe na nafasi ya hewa kupita. Ukiingia mchana unahisi umeingia kisimani. Majengo yetu mapya ni tofali jembamba, dari ya jipsamu, dirisha moja, na kazi yote ameachiwa AC.

Basi mpime AC. Washa, usubiri dakika tano, uhisi kama anatoa baridi au anatoa kelele. Harufu ya soksi maana yake vichujio havijaoshwa. Tazama ukutani chini yake kama pana michirizi ya maji. Kisha uliza swali ambalo wageni wengi hawaulizi: "Umeme ukikatika, jenereta linabeba AC au taa na feni tu?" Sehemu nyingi linabeba taa na feni. Si dhambi, ila ulipe bei ya taa na feni. Na kama feni ya dari haipo kabisa, hicho chumba kiache, hata kama kina zulia.

Jenereta lenyewe liko wapi? Likiwa chini ya dirisha lako, usilale hapo. Kelele ni jambo dogo. Moshi wake una kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayomuua mtu usingizini bila kumwamsha. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa lina hatari hiyohiyo, kwa hiyo usimkubalie mtu akuletee moto wa kufukizia udi uulalie.

*Kitanda.* Funua shuka hadi godoro lionekane. Tazama mishono ya pembeni, pembe nne, na nyuma ya kichwa cha kitanda kwa tochi ya simu. Vitone vyeusi kama vya kalamu iliyovuja ni kinyesi cha kunguni. Usijadiliane, usikubali "tutapuliza sasa hivi." Badilisha chumba, na kisiwe kile cha ukuta kwa ukuta, badilisha hata jengo kama lipo.

Chandarua kisiwe kile kilichofungwa fundo juu kama kilemba cha bwana harusi, hakijashushwa tangu kinunuliwe. Kishushe. Tazama matundu, hakikisha kinafika chini ya godoro pande zote ukikichomeka. Mtwara na Lindi ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, na mbu wake anafanya kazi usiku, umelala. AC hamzuii mbu, anamchelewesha. Ukitaka dawa ya kupuliza, omba ipulizwe magharibi ukiwa unakwenda kula, chumba kikae kimefungwa nusu saa, kisha kipitishwe hewa kabla hujarudi.

*Bafu.* Fungua bomba la juu na la chini kwa pamoja, uone maji yanapungua kiasi gani. Vuta maji ya choo, subiri uone tangi linajaa tena. Hoteli nyingi zina simtanki juu ya paa na pampu chini. Umeme ukizima muda mrefu, tangi likiisha, mnarudi kwenye ndoo. Ndoo iwepo basi, safi, na kopo lake.

Lile bomba la mvua lenye kuchemsha maji kwa umeme lichunguze. Swichi yake iko nje ya bafu au ndani, mkono wenye maji unakofika? Nyaya zimefungwa kwa utepe mweusi? Ukigusa bomba ukahisi linatekenya, huo ni umeme. Zima swichi, vaa ndala, toka, useme kaunta, na usioge humo hata wakikwambia "huwa linafanya hivyo." Kwa hali ya hewa yetu, maji ya moto ni anasa ya wiki mbili kwa mwaka. Mimi nazima swichi, naoga ya baridi.

Soketi yenye doa la kahawia imeungua; chaji simu kwingine.

Ni mambo mengi, najua. Ukishazoea yanakwenda haraka: mlango, dirisha, korido, ukuta, kitanda, bomba.

Hatua ya tano: sasa zungumza bei, na uangalie unamlipa nani

Bei ina nafasi ya kupungua ukikaa siku tatu na zaidi, na nje ya msimu wa korosho. Useme kwa upole: "Dada, nakaa hadi Jumamosi, unanifanyiaje?" Kufoka hakumpunguzii mtu hata mia. Uliza chai imo au haimo, inaanza saa ngapi, na ni chai gani: kuna chai ya mayai na chapati, na kuna chai ya mkate mmoja na samahani. Kama basi lako ni la saa kumi na mbili asubuhi, chai yao hutaikuta. Omba bei iondolewe chai hiyo, ukanunue supu njiani.

Ukilipa kwa simu, lipa kwa namba ya biashara, na jina linalotokea lilingane na la hoteli au kampuni yake. Likitokea jina la mtu, hasa la huyohuyo aliyeko zamu, simama. Mara nyingi pesa hiyo haiingii kitabuni, na kesho yake mwenzake anakudai upya. Risiti ya mashine ya kielektroniki ni haki yako, ichukue hata kama hurudishiwi gharama kazini, kwa sababu ina tarehe na saa.

Daftari la wageni lijaze kwa ukweli: jina, unakotoka, unakokwenda, namba ya kitambulisho. Polisi hulipitia, na ukipatwa na jambo ndilo litakalosema ulikuwepo. Lakini lisikae wazi kaunta kila mtu akisoma simu za wenzake. Wakitaka picha ya kitambulisho chako, wanakili kwenye mashine ya ofisi. Mhudumu akikipiga kwa simu yake mwenyewe, mkatalie kwa heshima; tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata bila sheria, simu hiyo kesho itauzwa na picha yako ndani.

Una pesa nyingi za kununulia mzigo? Usizilalie. Weka benki, au hesabuni pamoja na mhudumu, ziingie kwenye bahasha, mwandike kiasi, msaini wote wawili kwenye bahasha na kwenye kitabu cha amana. Hoteli isiyo na kitabu cha amana haipokei amana, hata kama meneja ni mtu wa swala tano.

Hatua ya sita: usiku

Ingiza namba ya mapokezi kwenye simu na uipige mara moja ukiwa chumbani, uone kama inapokelewa na nani. Piga saa tano usiku, uombe maji ya kunywa. Ninaposema hoteli nzuri nina maana ya hoteli inayopokea simu ile. Mchana kila hoteli ina tabasamu.

Mlango ukigongwa, usifungue. Uliza nani. Akisema "mhudumu," piga simu kaunta: mmenitumia mtu? Mhudumu wa kweli hakasiriki, atasubiri. Wadada wenzangu, kiti chini ya kitasa si woga. Na kama mtu wa mapokezi mwenyewe ndiye anayegonga saa saba usiku kukuuliza kama "uko salama," kesho asubuhi hama, umwambie mwenye hoteli sababu.

Hatua ya saba: kulalamika hadi usikike

Kuna wageni wanaonyamaza siku tatu, wakaja kunifokea asubuhi ya kuondoka. Sikuwa na la kuwafanyia. Sema siku ileile, na useme kabla ya saa kumi na moja jioni, kwa sababu fundi wa umeme na wa mabomba ni wa kuitwa, na saa hiyo anaelekea Feri kutafuta samaki wa nyumbani.

Sema kitu, usiseme hisia. "Hoteli yenu mbovu" haina fundi. "Chumba namba tisa, AC anadondosha maji kitandani tangu jana saa mbili usiku" ina fundi. Piga picha. Kisha uombe jambo moja linalowezekana: kuhamishwa chumba, au kupunguziwa usiku mmoja. Ahadi ya "tunashughulikia" ipe saa: "Sawa, nakaa hapa hadi saa moja." Ukikaa kwenye kiti cha mapokezi kimya kimya wageni wapya wakiingia, utaona kasi inavyoongezeka. Ikishindikana omba msimamizi. Ukiambiwa hayupo, omba namba yake.

Kitu kimoja naomba. Ukipoteza kitu, usianze na dada wa usafi. Yeye ndiye mwenye mshahara mdogo kuliko wote humo ndani na ndiye wa kwanza kupekuliwa. Nimeshuhudia hereni zikipatikana ndani ya foronya baada ya binti wa watu kulia saa nzima mbele ya mlinzi. Kung'uta mashuka, vuta kitanda, tazama mifuko ya nguo ya jana. Ukishaona kweli kimeibiwa, mwambie msimamizi, andikeni, nenda polisi uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu chao, na usikubali kumalizana kwa maneno ya "mambo ya ndani haya."

Hatua ya nane: kutoka

Usiku wa kuamkia safari, malizana na hesabu: maji, soda, nguo zilizofuliwa. Saa kumi na moja alfajiri mwenye zamu ana usingizi na bili ina makosa, mara nyingi ya upande wao. Mwonyeshe taulo na rimoti kabla ya kukabidhi ufunguo; nimewahi kuona mgeni anashushwa kwenye basi stendi kwa ajili ya rimoti iliyokuwa chini ya mto. Ufunguo uurudishe mkononi mwa mtu, usiuache mlangoni.

Na chomoa chaja yako. Nilipoacha kazi tulikuwa na sanduku la maboksi ya sabuni lililojaa chaja hadi juu, pamoja na miwani miwili ya kusomea na jino moja la bandia ambalo hakuna aliyethubutu kupiga simu kuliulizia.